Kikosi cha Ngoma Si Bendi ya Shule



Maandamano ya leo yanaongozwa na vijana wetu wa Brigedi kwa ngoma na mabaragumu. Kamati ya jubilei ilipopanga ratiba, wengi wetu tulitaka tukodi bendi kamili, yenye klarineti na saksofoni. Hata sisi wa ofisi ya katibu tulikuwa upande huo. Tulisema, "Watoto hawa wana ngoma tu." Mjadala ulikuwa mrefu, na mwishowe wazee wakaamua Brigedi itangulie. Tumeona vyema tuandike hapa tuliyojifunza baadaye, kwa maana ngoma na baragumu vina historia, na historia hiyo inatuhusu sisi waimbaji.

Jubilei yenyewe hutangazwa kwa baragumu. Mambo ya Walawi sura ya 25 yaagiza lipigwe katika nchi yote kwa ajili ya mwaka wa 50. Sisi wa miaka 25 tumefika nusu ya safari. Katika Hesabu sura ya 10, Musa aliamriwa atengeneze tarumbeta mbili za fedha, za kuita mkutano na za kuondosha kambi. Kazi yake ilikuwa kutoa ishara. Majeshi ya karne za baadaye yalifanya vivyo hivyo. Ngoma ilishika hatua, na baragumu likawaambia askari waamke, wale, wasonge mbele au warudi nyuma. Baragumu la kijeshi halina vali. Mpigaji hupata sauti chache tu, kwa midomo na pumzi yake.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918, simu na redio zilikuwa zimeanza kuchukua kazi hiyo. Huko Marekani, askari waliorudi nyumbani walianzisha chama chao, American Legion, mwaka 1919, na matawi yake mengi yakaunda vikosi vya ngoma na baragumu. Kwa kifupi Wamarekani huviita "drum corps". Makanisa nayo yakaiga, kwa kuwa kijana asiyejua noti aliweza kulishika baragumu na kujifunza. Mwaka 1934 parokia ya Holy Name mjini Garfield, New Jersey, ilianzisha kikosi cha Holy Name Cadets. Mwaka 1940 parokia ya Most Precious Blood, mtaa wa Hyde Park mjini Boston, ikaanzisha kile kinachojulikana leo kama Boston Crusaders.

Bendi ya gwaride ilikua kwa njia nyingine. Mwenyewe ni shule au chuo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1907 bendi ya Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, ilijipanga uwanjani ikaunda herufi P. Kazi kubwa ya bendi hizo mpaka leo ni kuchangamsha mechi za futiboli ya Kimarekani, na mwanafunzi akimaliza masomo, bendi nayo kwake imekwisha.

Basi tofauti ni zipi? Ya kwanza ni ala. Bendi ya shule ina filimbi, klarineti na saksofoni pamoja na shaba na ngoma. Kikosi msingi wake ni shaba na ngoma, pamoja na kundi la wacheza bendera. Ya pili ni majira. Kikosi hufanya kazi wakati wa likizo ya kiangazi. Vijana husafiri kwa mabasi kutoka mji hadi mji, hulala sakafuni katika kumbi za shule, na hurudia onyesho moja la dakika kama kumi hivi mpaka liive. Ya tatu ni umri. Katika mashindano ya Drum Corps International, ambayo fainali yake ya kwanza ilifanyika Whitewater, Wisconsin, mwaka 1972, kijana hutoka anapofikia miaka 22 hivi. Ya nne ni mwenyewe. Kikosi si cha shule yoyote. Hakuna anayepewa alama darasani kwa kukihudhuria.

Tofauti ya ala imepungua. Baragumu lisilo na vali liliongezewa vali polepole, na tangu mwaka 2000 mashindano hayo yanaruhusu shaba za ufunguo wowote. Lililobaki kubwa ni hilo la mwenyewe, na hapo ndipo penye uzito. Bendi ya shule ikilegea, shule ingalipo, na mwalimu mwingine ataifufua. Kikosi kikikosa watu wa kukibeba, kimekwisha. Vikosi vingi vya parokia vilitoweka hivyo. Cadets walitengana na parokia yao, wakaitwa Garfield Cadets, wakatwaa ubingwa wa Drum Corps International mara kumi, mara ya mwisho mwaka 2011. Hata hivyo, mwaka 2024, wakiwa na umri wa miaka 90, walitangaza kufunga, wakilemewa na kesi mahakamani. Vikombe kumi havikutosha kuwaokoa. Boston Crusaders wangali wanatembea.

Kwetu mambo haya si mageni. Jeshi la Wokovu liliingia Kenya mwaka 1921, na bendi zake ni za shaba na ngoma. Brigedi ilianzishwa na William Alexander Smith mjini Glasgow mwaka 1883, ikiwa kazi ya kanisa kwa vijana. Hata Beni ya pwani yetu, ya Lamu na Mombasa, ilichukua jina lake kutoka neno la Kiingereza la bendi, lakini wenyewe walikuwa wanachama, waliovaa sare na kupeana vyeo kama vya jeshi. Jina lilikuwa la bendi, mwili ulikuwa wa kikosi.

Kwaya yetu nayo ni kikosi kwa maana hiyo. Sare tumeshona kwa michango. Mazoezi ya Jumamosi hayana alama wala mshahara. Na tukihesabu safu ya teno na besi, wengi walianza wakiwa watoto wa Brigedi, wakipiga ngoma hizi hizi. Kama tungewaweka kando leo ili tukodi wageni, tungekuwa tunakata tawi tulilokalia.

Ngoma mbili zimepasuka ngozi, na mabaragumu yaliyo mazima ni matatu. Sadaka ya pili ya leo ni kwa ajili hiyo. Wapendwa, tuwabebe watoto hawa, ili jubilei ya miaka 50 ipate wa kuipigia baragumu.



Katibu wa Kwaya, kwa niaba ya wanakwaya wote