Kutoka Mkondo Geu hadi Mkondo Mnyoofu: Historia ya Maneno ya Umeme katika Amplifaya ya Valvu

Hivi karibuni tulipokea barua kutoka Chidya, katika Wilaya ya Masasi. Mwandishi wake ni fundi kijana anayejengea nyumbani kwake amplifaya ya gitaa ya valvu yenye njia mbili, moja ya gitaa la solo na ya pili ya gitaa la kati au ya mwimbaji. Michoro anayo, nayo ni ya Kiingereza. Sehemu za sauti, asema, zimemwelea. Kilichomshinda ni sehemu inayolisha chombo kizima umeme, na hasa maneno yake. Aliomba tumpelekee istilahi kumi na mbili. Tulidhani kazi hiyo ingetuchukua asubuhi moja. Ilituchukua wiki tatu, na sababu zake twaona yafaa ziwekwe mbele ya wasomaji wetu, kwa kuwa wengi wao hukutana na maneno hayohayo katika vitabu vya shule, mikataba ya ununuzi na miongozo ya mitambo.

Swali hili kutoka upande wa Masasi lina historia ndefu nyuma yake. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alianzisha Masasi makazi ya watu waliokuwa wametolewa utumwani, naye ndiye aliyekuwa amekwisha kuchapisha, mwaka 1870, kitabu cha kuongoza wanafunzi wa Kiswahili. Mwenzake wa misheni hiyohiyo, A. C. Madan, alitoa kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894 na ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903. Shule ya Chidya nayo ilitokana na misheni hiyo. Lakini valvu ya kwanza ya umeme, ile ya John Ambrose Fleming, ilibuniwa mwaka 1904, mwaka mmoja baada ya kamusi ya pili ya Madan. Basi wazee hao hawawezi kulaumiwa kwa kutuachia pengo.

Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, ambayo katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson, ilishughulika zaidi na tahajia, sarufi na vitabu vya shule. Kamusi iliyobeba jina la Johnson ilitoka mwaka 1939, na Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Katika kipindi hicho redio ziliingia mijini, na maneno ya redio yakaingia pamoja nazo kwa mlango wa nyuma, kupitia vibanda vya mafundi na maduka ya vifaa. Kamati ilipogeuzwa kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1964, na Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, mafundi walikuwa wamekwisha kuzoea maneno yao.

Neno lenyewe la umeme ni mfano mzuri. Asili yake ni ule mwanga wa mawinguni unaotangulia radi, na hadi leo maana hiyo haijafa. Wenzetu wa Kenya husema stima, neno lililotokana na mvuke, kana kwamba nguvu yote itokayo kwenye mtambo ni mvuke. Sisi tulichukua la mawinguni. Kisha tukalipa neno mkondo kazi mpya: lilikuwa la maji ya bahari na mito, likawa la umeme. Chaguo hilo, tunavyoona, ni mojawapo ya machaguo bora kabisa katika istilahi zetu, kwa sababu limezaa mengine bila kulazimishwa. Umeme unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kama ule wa majumbani mwetu, ni mkondo geu. Ule wa betri, usiogeuka, ni mkondo mnyoofu.

Hapo ndipo barua ya Chidya inapoanza kuwa na maana. Valvu hazifanyi kazi kwa mkondo geu katika anodi zake. Zahitaji mkondo mnyoofu wa volti nyingi. Basi kifaa kinachobadili mmoja kuwa mwingine kiitweje? Vitabu vingine vimeandika rektifaya, na mafundi wengi watalielewa. Lakini kama mkondo ni mnyoofu, aliyeunyoosha ni kinyoosha mkondo. Neno hili humweleza mwanafunzi kazi ya kifaa kabla hajakiona. Tumependekeza kinyoosha mkondo liwe la kwanza, na rektifaya libaki kama kisawe.

Jina la valvu halikutupa taabu hiyo, ijapokuwa lilitupa kicheko. Waingereza husema valvu na Wamarekani husema tyubu, na Kiswahili, kwa kuwa redio zetu za mwanzo zilitoka Uingereza na Ulaya, kilifuata Waingereza. Bahati mbaya maneno yote mawili yamo katika gurudumu la baiskeli. Tumebaki na valvu. Neno gridi ni gumu zaidi, kwa maana ndani ya valvu mna gridi, na nje mna Gridi ya Taifa, ambayo kwa miaka mingi haikufika Lindi wala Mtwara. Tumeshauri ya ndani iandikwe daima gridi ya valvu.

Sasa tuingie kwenye mpango wenyewe wa fundi wetu, maana istilahi isiyopimwa kwa kazi ni pambo. Chombo chake kina valvu tatu za ECC83, mbili za kutoa sauti za EL84, na kinyoosha mkondo cha valvu cha EZ81. Kila moja ina waya wa joto unaotaka volti 6.3. ECC83 hula ampea 0.3 kila moja, EL84 hula 0.76, na EZ81 hula 1. Jumla ni ampea 3.42, na kwa hiyo transfoma iwe na koili ya volti 6.3 inayoweza kutoa ampea 4 bila kuungua. Koili nyingine ni ya volti 250 kila upande wa kituo cha kati. Koili ya kuingilia ni ya volti 230.

Neno transfoma hatukuligusa. Limo midomoni mwa kila mtu aliyewahi kukatikiwa umeme, na kulipokonya nafasi yake kwa ajili ya kibadilishaji fulani ni kupoteza wakati.

Volti 250 ni kipimo cha mita. Mawimbi yenyewe hupanda zaidi ya hapo, kwa kuzidisha na 1.414, hadi volti 353. Kwa nukta hiyo Kiswahili kilikuwa na neno tayari, nalo ni kilele. Ikiwa umeme wa jenereta au wa laini ya kijijini utapanda kwa asilimia kumi, kilele hupanda kufikia 388. Kwa sababu hiyo kapasita iandikwe volti 450, wala fundi asishawishike na ya 350 kwa kuwa ni rahisi. Mtafsiri anayeandika volti 250 bila kusema ni za mita au za kilele amemdanganya msomaji, hata kama tarakimu yake ni sahihi.

Kapasita katika vitabu vya zamani vya Kiingereza iliitwa kondensa, na jina lilipobadilika huko, huku kwetu tukabaki na vyote viwili. Tumechagua kapasita. Lakini kapasita ile ya kwanza baada ya kinyoosha mkondo ina jina la kazi yake, na hapa tulikaa siku mbili. Kazi yake ni kujazwa katika kila kilele na kutoa katika kila bonde, mara 100 kwa sekunde, ili mkondo usikatike. Mwenzetu mmoja alipendekeza ghala. Mwingine, aliyewahi kufundisha Newala, alisema watu wa uwanda wa juu wa Makonde hawahitaji kuelezwa jambo hili: juu hakuna mito, maji yalifuatwa mabondeni kwa miguu, na ulipokuja mradi wa kuyapandisha kwa pampu, kilichowekwa juu ni tangi. Pampu husukuma kwa vishindo, bomba hutoa bila vishindo, na tangi liko katikati. Kapasita ya tangi, basi. Hatujaona neno lililomweleza mtu wa Chidya kwa upesi zaidi.

Mfano huo wa maji ukatusaidia na njia mbili. Njia zote zikinywa katika tangi moja bila kutenganishwa, sauti ya moja huvuta volti ya nyingine, na amplifaya huweza kuanza kulia pu-pu-pu kama boti ya injini. Dawa ni kuwapa kila njia kikinza chake na kapasita yake ndogo, yaani bomba jembamba na mtungi wake. Mabaki ya mawimbi yanayopita hata hivyo tumeyaita viwimbi, na mlio wao katika spika ni mvumo.

Kuhusu chombo kizima tuna mgogoro wa zamani zaidi. Kipaza sauti kimetumiwa kwa kile anachokishika mwimbaji, kwa spika ya juu ya mti mkutanoni, na hata kwa amplifaya. Bendi za dansi ziliweza kuishi na mkanganyiko huo kwa sababu mara nyingi vyombo havikuwa vyao. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilipiga vyombo vya mwajiri wake, na mwenye kuorodhesha mali alijua alichonunua. Bendi za mikoani zilizoungaunga vifaa hazikuwa na nafasi hiyo, na baada ya vita vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipoadimika, valvu moja iliyokufa iliweza kunyamazisha gitaa kwa miezi. Afisa ununuzi aliyeandika vipaza sauti viwili katika hati ya kuagiza hakuweza kujua atapata nini. Tunashauri kipaza sauti kibaki cha mwimbaji, spika ibaki spika, na amplifaya iitwe amplifaya au kikuza sauti.

Tumeacha mwisho lile tuliloliona zito kuliko yote. Katika barua yake fundi alinakili onyo kutoka kijitabu kimoja cha Kiswahili, ambacho hatutakitaja: zima umeme kabla ya kufungua sanduku. Alizima, akafungua, akarushwa ukutani. Mtafsiri alitafsiri maneno na akaacha jambo. Kuzima hukata mkondo unaoingia. Hakuondoi uliokwisha kuhifadhiwa. Tangi la maikrofaradi 100 lililojaa volti 353 hubaki limejaa baada ya taa zote kuzimika. Lazima pawepo kikinza cha kumwaga, kwa mfano cha kilo-omu 220 na wati 2, ambacho kwa hesabu hushusha volti hizo chini ya 50 kwa sekunde 45 hivi. Hata hicho chaweza kukatika bila mtu kujua.

Neno zima, basi, halitoshi, na wala haina umeme si tafsiri yake. Tumetenga vitendo vitatu: kuzima, ambako ni kwa swichi, kuchomoa, ambako ni kwa plagi, na kumwaga, ambako ni kwa kapasita. Onyo tulilompelekea ndugu yetu wa Chidya, na ambalo tunaomba wakuu wa karakana na walimu wa ufundi walipime kabla halijapelekwa kwenye kamati, lasema hivi: Zima swichi. Chomoa plagi ukutani. Ngoja dakika mbili umeme wa kapasita umwagike. Pima kila kapasita kwa mita, mkono mmoja ukiwa mfukoni, na usiguse kitu hadi mita isome karibu na sifuri.