Seva za Wavuti: Ushindani wa Programu Huria na Programu Miliki

Mwananchi anapofungua tovuti kutazama tangazo la ajira au matokeo ya mitihani, ipo kompyuta inayopokea ombi lake na kumrudishia ukurasa alioutaka. Programu inayofanya kazi hiyo huitwa seva ya wavuti. Tangu miaka ya 1990 programu hizo zimeundwa kwa misingi miwili inayoshindana: programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza, na programu miliki, ambazo msimbo wake hubaki mikononi mwa kampuni iliyozitengeneza.

Mojawapo ya seva za mwanzo zilizoenea iliandikwa na Rob McCool katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Alipoondoka kituoni hapo mwaka 1994, uendelezaji wake ulizorota, na wasimamizi wa tovuti wakabaki kuziba kasoro kila mmoja kwa namna yake. Mwaka 1995 kikundi cha watu wanane kilikubaliana kuunganisha marekebisho hayo, na programu iliyotokana nayo ikaitwa Apache. Kufikia Aprili 1996 ndiyo iliyokuwa ikiongoza katika hesabu za Netcraft, kampuni ya Uingereza inayofuatilia seva duniani.

Mwaka huohuo Microsoft ilitoa seva yake, IIS. Haikuuzwa peke yake, bali ilitolewa bila malipo ya ziada kwa watumiaji wa mfumo wa Windows NT, ambao leseni yake ndiyo iliyolipiwa. Ni vyema ieleweke hapa kwamba bure na huria si kitu kimoja: aliyepata IIS bila kuongeza malipo hakupata haki ya kuona msimbo wake wala kuurekebisha.

Ushindani huo ulifikia kilele mwaka 2001. Tarehe 18 Juni Microsoft ilitangaza kasoro ya kiusalama iliyowaathiri watumiaji wa IIS, na siku hiyohiyo ikatoa kiraka cha kuiziba. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 19 Julai, programu hasidi inayojinakili yenyewe, iliyopewa jina la Code Red, iliingia katika kompyuta zaidi ya 359,000 kwa muda usiofika saa 14. Ilikuwa imepangwa kuishambulia tovuti ya Ikulu ya Marekani, ambayo iliokolewa kwa kubadilishiwa anwani. Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo ililazimika kufunga kwa muda tovuti zake zilizokuwa wazi kwa umma.

Kiraka kilikuwapo; kilichokosekana ni watu wa kukiweka. Windows 2000 kwa ajili ya seva ilisakinisha IIS yenyewe, hivyo baadhi ya wasimamizi hawakujua hata kwamba wanayo. Septemba mwaka huo, baada ya shambulio jingine lililoitwa Nimda, kampuni ya ushauri ya Gartner ilizitaka taasisi zilizoathirika zifikirie kuachana na IIS. Microsoft iliandika upya sehemu kubwa ya programu hiyo, na katika toleo la Windows la mwaka 2003 haikusakinishwa tena bila kuombwa.

Wafuasi wa programu huria waliona tukio hilo kama ushindi wao, lakini furaha haikudumu. Septemba 2002 shambulio la Slapper lilizikumba seva za Apache kwenye mfumo wa Linux kupitia kasoro ya OpenSSL, programu ya usimbaji inayotumika pamoja nayo. Kiraka chake nacho kilikuwa kimetolewa tangu mwishoni mwa Julai. Kuwa wazi kwa msimbo kuliwawezesha wengi kuukagua, lakini hakukumlazimisha yeyote kusasisha kompyuta yake.

Takwimu za ushindani huu zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Mwaka 2006 kampuni ya GoDaddy ilihamishia kwenye IIS mamilioni ya majina ya tovuti ambayo hayakuwa yakitumika, na hisa ya Apache katika hesabu za Netcraft ikashuka ghafla, ingawa kwa msomaji wa kawaida wa tovuti hakuna kilichobadilika.

Mpinzani aliyeipunguzia Apache nafasi yake alikuwa huria vilevile. Nginx, iliyotolewa mwaka 2004 na Igor Sysoev wa Urusi, iliundwa ili mchakato mmoja uhudumie maelfu ya wageni kwa wakati mmoja, kama mhudumu mmoja wa mgahawa anayezungukia meza nyingi. Apache ya wakati huo ilimtengea kila mgeni mhudumu wake. Mwaka 2019 kampuni ya Marekani ya F5 ilinunua kampuni ya Nginx kwa takribani dola milioni 670. Leseni ya msimbo haikubadilika, na Februari 2024 mmoja wa waendelezaji wake wa siku nyingi, Maxim Dounin, aliposhindwa kuafikiana na wamiliki hao, aliuchukua msimbo huohuo na kuanzisha tawi lake, freenginx, bila kuhitaji idhini yao.