Umemaliza Form Four na Uko Base Tu? Hii Hapa Rada ya President's Award, Kutoka Bronze Hadi Gold

Kila mwaka baada ya KCSE story ni ile ile. Uko na miaka 17 ama 18, shule imeisha, chuo bado, job hakuna, na mathee anakuuliza utaamka saa ngapi. Wasee wengi huchapa base mpaka siku ya kuitwa chuo. Lakini kuna programu imekuwa Kenya tangu 1966, na mtaani wengi hudhani ni ya watoto wa wadosi pekee. Zii. Soma hii kwanza.

Ilitoka wapi?

Ilianza Uingereza mwaka wa 1956. Prince Philip, bwana ya Malkia Elizabeth, aliianzisha akisaidiwa na mwalimu Mjerumani anaitwa Kurt Hahn. Huyu buda alihamia Uingereza baada ya kusumbuliwa na utawala wa Hitler, akafungua shule ya Gordonstoun kule Scotland mwaka wa 1934. Philip mwenyewe alisomea hapo. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa John Hunt, yule aliongoza msafara wa Everest wa 1953.

Imani ya Hahn ilikuwa simple: kijana ako na nguvu mingi kuliko ile anajua, na hataijua akikaa darasani tu. Ni huyo huyo alisaidia kuanzisha Outward Bound mwaka wa 1941, na baadaye shule yao moja ikafunguliwa Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro.

Huku kwetu inaitwa President's Award, Rais ndiye mlezi wake, na tangu 2017 iko na sheria yake iliyopitishwa na Bunge.

Nani anaruhusiwa?

Yeyote wa miaka 14 hadi 24. Bronze unaanza na 14, Silver 15, Gold 16. Si lazima uanze Bronze. Kama uko na 18, unaweza ingia Gold moja kwa moja, lakini itakuchukua muda mrefu zaidi: angalau miezi 18. Aliye na Silver tayari anamaliza na miezi 12. Bronze ni miezi 6.

Na hakuna namba moja hapa. Hushindani na mtu, unashindana na yule wewe wa jana.

Kazi yenyewe ni gani?

Kuna sehemu nne:

- Huduma: kusaidia jamii bila kulipwa. Kusafisha mto, kufunza watoto hesabu, kusaidia hospitali.
- Ujuzi: kitu unajifunza, kama kushona, gitaa, kupika ama kompyuta.
- Mazoezi: boli, kukimbia, densi, kuogelea.
- Safari: hii ndio noma. Tutairudia.

Tatu za kwanza zinataka kama saa moja kwa wiki, kila wiki. Kwa Gold kuna ya tano: kukaa siku 5 na usiku 4 mahali mbali na home, ukifanya kazi na watu hukuwa unawajua.

Safari ndio hukuonyesha wewe ni nani

Bronze ni siku 2, Silver 3, Gold 4, na mnalala nje. Mnaenda mbogi ya watu 4 hadi 7. Hakuna mat, hakuna boda. Mnabeba chakula na hema wenyewe, mnasoma ramani wenyewe. Kwanza mnafunzwa, mnafanya safari ya majaribio, halafu ile ya ukweli. Mkaguzi anawaangalia kwa umbali.

Sasa fikiria saa kumi jioni mvua inanyesha, mmoja viatu vimemkata, mwingine amenuna, na kuni zote zimelowa. Kiongozi si yule ako mbele akijipiga picha. Ni yule anaona wa mwisho amechoka, anapunguza mwendo na kumsaidia kubeba mzigo. Hiyo huwezi fundishwa kwa ubao.

Na mlima hauna mchezo. Point Lenana kule Mlima Kenya iko mita 4,985 juu. Kichwa ikianza kuuma vibaya, ukitapika na kuyumba, usijifanye gangsta. Sema mapema, na mshuke. Mwenye ametangaza ako mgonjwa ameokoa mbogi yote.

Doh je?

Kuna ada ya kujisajili, na safari iko na gharama ya usafiri na chakula. Uliza bei yote kabla hujalipa, na udai risiti. Usidanganywe lazima ununue viatu vya bei ya keja. Mtumba ya Gikomba yenye soli fiti inakutosha, bora uivae wiki kadhaa kabla ya safari.

Itanipatia job?

Tusidanganyane: cheti peke yake haiajiri mtu. Kile unapata ni story ya ukweli ya kuambia mwajiri ama chuo, na kitabu cha rekodi chenye saini. Ndio maana usikubali kujaziwa kitabu ya safari hukuenda. Swali moja tu kwa interview litakuanika.

Unaanzaje?

Kama bado uko shule ama chuo, uliza mwalimu kama wana kikundi. Kama umemaliza, uliza ofisi za President's Award ama vikundi vya vijana vya mtaa wenu. Ukikosa, Scouts wako na ngazi ya Jasiri kwa waliopita miaka 18. Wako hapa kitambo; hata mwanzilishi wao, Baden-Powell, amezikwa Nyeri.

Base itakungoja, haiendi mahali. Miaka 24 nayo haingoji mtu. Tumia hii yule msee wako anashinda kwa simu, muanze wawili.