Atomu zinazotetemeka na mkimbizi aliyezisikiliza

Leo tunaingia kwenye fizikia. Tunajua wengine mtasema, elektroni na wakimbizi wapi na wapi? Tulieni kidogo. Historia ya jinsi wanadamu walivyokuja kuelewa elektroni zinavyokutana na atomu zinazotetemeka ndani ya shaba, risasi au zebaki, kwa sehemu kubwa ni historia ya watu waliofukuzwa kwao. Hatusemi hivyo ili tujipe moyo. Chukua majina makubwa ya somo hili kuanzia mwaka 1928 mpaka 1950, utaona wengi wao walivuka mpaka bila kupenda.

Tuanze na waya. Si mnajua ile waya nyembamba ya sola, mtu akiichomekea simu nyingi kwa mpigo inapata joto? Umeme ndani ya waya ni elektroni zinazotembea, na kuna kitu kinazizuia. Mwaka 1900 Mjerumani Paul Drude alisema elektroni zinagongana na atomu, zinapoteza mwendo, na ule mgongano ndio joto tunalolisikia mkononi. Maelezo mazuri, hata mtoto wa shule ya msingi anayaelewa. Lakini hayakutosha. Kama kila elektroni ingegonga kila atomu inayokutana nayo, isingefika mbali hata kidogo, maana atomu zimebanana mno. Kumbe ndani ya shaba ya kawaida elektroni inaruka zaidi ya atomu mia moja kabla ya kupotezwa njia. Ukiipoza shaba safi, inakwenda mbali zaidi. Sasa inapitaje katikati ya msongamano ule?

Jibu lililetwa mwaka 1928 na kijana wa miaka 22, Felix Bloch, Myahudi wa Zurich aliyekuwa akisoma Leipzig chini ya Werner Heisenberg. Bloch aliichukulia elektroni kama wimbi. Hesabu yake ilionyesha kwamba atomu zikiwa zimepangwa sawasawa na zimetulia, wimbi linapita kana kwamba hakuna kizuizi chochote. Kwa hiyo atomu yenyewe kusimama njiani si tatizo. Tatizo ni mpangilio kuvurugika. Na kitu kinachouvuruga kila siku, hata kwenye madini safi kabisa, ni joto, kwa sababu joto maana yake ni atomu kutetemeka, trilioni kadhaa za mitetemo kwa sekunde moja.

Fikiria foleni ya siku ya mgao. Watu wakisimama kwenye mistari iliyonyooka, unapita katikati na ndoo yako bila kumwaga tone. Wakianza kuyumba na kusukumana, utamwagika. Ndiyo maana shaba inaongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya joto, na ule uzi wa balbu za zamani ukiwaka unakuwa na ukinzani zaidi ya mara kumi kuliko ukiwa baridi. Wanafizikia waliona pia kwamba mitetemo hiyo inaweza kuhesabiwa kwa vipande, kama vile mwanga unavyohesabiwa kwa vipande viitwavyo fotoni. Kipande cha mtetemo kikaitwa fononi, jina lililotoka kwa Mrusi Yakov Frenkel mwaka 1932. Shikeni jina la Frenkel, tutakutana naye tena sasa hivi.

Tarehe 7 Aprili 1933 serikali ya Hitler ilitoa sheria ya watumishi wa umma. Kwa lugha nyepesi, Wayahudi na wapinzani wa kisiasa wafukuzwe kazi za serikali, na vyuo vikuu vya Ujerumani vilikuwa vya serikali. Bloch aliondoka mwaka huohuo, akaishia Stanford, Marekani. Max Born, ambaye alianza hesabu za mitetemo ya atomu tangu mwaka 1912 pamoja na Theodore von Kármán, alisimamishwa kazi Göttingen, akaenda Uingereza. Rudolf Peierls wa Berlin, aliyeeleza jinsi fononi zinavyogongana zenyewe kwa zenyewe, alikuwa tayari Uingereza kwa ufadhili wa masomo, akaamua kutorudi. Ndugu wawili, Fritz na Heinz London, walikimbilia Oxford. Yaani somo zima lilifunga mizigo.

Lakini mtu wetu wa leo ni mwingine, Herbert Fröhlich. Alizaliwa mwaka 1905 katika kijiji cha Rexingen, kwenye milima ya Msitu Mweusi. Alipata udaktari wake Munich mwaka 1930 chini ya Arnold Sommerfeld, akaanza kufundisha Freiburg. Sheria ya 1933 ikamkuta huko, kazi ikaisha. Akiwa na miaka 27, msomi, hana kwa kwenda. Aliyempa mwaliko ni yuleyule Frenkel, akaenda Leningrad kufanya kazi katika taasisi ya Abram Ioffe.

Hapa sisi tunaielewa hadithi kuliko wanahistoria wengine. Kwa sababu nchi ya kwanza ya kimbilio si lazima iwe ya mwisho. Desemba 1934 kiongozi Sergei Kirov aliuawa mjini Leningrad, na baada ya hapo kila mgeni alianza kutazamwa kwa jicho baya. Mwaka 1935 Fröhlich akakimbia kwa mara ya pili. Je, angebaki? Mwangalieni Matvei Bronstein, mwanafizikia wa taasisi hiyohiyo, mzaliwa wa nchi ile, tena mwenye kipaji cha ajabu. Alikamatwa mwaka 1937 na kupigwa risasi Februari 1938, akiwa na miaka 31. Waliomfahamu Bronstein wanasema angefika mbali. Sisi tunasema tu kwamba hatukupewa nafasi ya kuona.

Fröhlich alifika Bristol, Uingereza. Huko Nevill Mott alikuwa anajenga kikundi cha fizikia ya vitu yabisi, na kikundi hicho kiliwapokea wakimbizi kadhaa, wakiwemo Walter Heitler na Heinz London. Tangu Mei 1933 Waingereza walikuwa wameunda baraza la kuwasaidia wasomi waliofukuzwa. Lilianzishwa na William Beveridge, na rais wake wa kwanza alikuwa Ernest Rutherford. Baraza hilo lipo mpaka leo kwa jina la Cara, na bado linahudumia wasomi walioko hatarini. Ndugu zetu wa mashirika, tunawaomba mlitazame jambo hili vizuri. Baraza lile halikuishia kwenye chakula na hema. Lilimtafutia mtu meza, maabara na mshahara mdogo ili aendelee na kazi aliyoijua. Kwenye kambi zetu kuna walimu wa hisabati wanaochunga foleni ya maji, kuna manesi wanaouza mandazi. Vyeti viko ndani ya mfuko wa nailoni chini ya godoro, vinasubiri mtu wa kuvitambua.

Mwaka 1936 kitabu cha Fröhlich juu ya elektroni ndani ya metali kilichapishwa Berlin, kwa Kijerumani. Kitabu kiliruhusiwa kuingia darasani, mwandishi hakuruhusiwa. Halafu vita ikaja. Mwaka 1940 Waingereza waliwakamata maelfu ya Wajerumani na Waaustria waliokuwa kwao, wakawaweka kizuizini kama wageni wa taifa adui. Wengi wa waliokamatwa walikuwa Wayahudi waliomkimbia Hitler mwenyewe! Fröhlich naye akawekwa kizuizini kwa muda. Kwao aliitwa si Mjerumani, ugenini akaitwa Mjerumani mno. Hilo tunawaachia wenyewe mlitafakari, wengi wenu mnalo la kwenu linalofanana nalo.

Mwaka 1948 aliitwa kuwa profesa Liverpool. Aliyemwalika ni James Chadwick, aliyegundua nyutroni. Na huyu Chadwick, kama hamjui, wakati wa vita ya kwanza ya dunia alikwama Ujerumani akafungiwa katika kambi ya Ruhleben, karibu na Berlin, miaka minne. Mwingereza aliyefungwa na Wajerumani kwa kuwa Mwingereza anamwita kazini Mjerumani aliyefungwa na Waingereza kwa kuwa Mjerumani. Dunia hii ina vichekesho vyake.

Sasa turudi kwenye atomu, maana kazi kubwa ya Fröhlich ndiyo inaanza. Mwaka 1911, Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes alipoza zebaki mpaka karibu digrii 269 chini ya sifuri, yaani kelvini 4.2. Ghafla ukinzani wote ulipotea. Haukupungua polepole, ulipotea kabisa. Ukiwasha mkondo wa umeme kwenye pete ya metali ya namna hiyo, unazunguka bila betri. Kwa miaka karibu arobaini hakuna aliyeweza kueleza kwa nini, na waliojaribu walikuwa vichwa hasa, Bloch akiwa mmojawapo.

Fikra ya kawaida ilikuwa hii: mitetemo ndiyo adui wa umeme. Kwa hiyo ukinzani ukipotea, mitetemo haihusiki tena. Fröhlich aligeuza jambo lenyewe. Kuna kitu cha ajabu ambacho kila mtu alikiona lakini wachache walikiuliza: shaba, fedha na dhahabu, ambazo ni wapitishaji bora wa umeme, hazifiki hali ile hata ukizipoza vipi, wakati risasi na zebaki, ambazo ni wapitishaji dhaifu, zinafika. Kwa nini dhaifu ndiyo washinde? Fröhlich akajibu: kwa sababu ndani ya risasi na zebaki elektroni zinashikana kwa nguvu na mitetemo. Kushikana huko huko, kwenye joto la kawaida kunaleta ukinzani, na kwenye baridi kali kunauondoa. Shaba inapitisha vizuri kwa kuwa elektroni zake hazijali sana mitetemo, na kwa sababu hiyohiyo inakosa ile zawadi ya mwisho.

Inafanyaje kazi? Elektroni ina chaji hasi, atomu zilizopangwa zina chaji chanya. Elektroni ikipita, inazivuta atomu kidogo upande wake. Lakini atomu ni nzito, zinachelewa kurudi. Elektroni imeshaondoka zamani, atomu bado zimekusanyika, na elektroni nyingine iliyo nyuma inavutwa kwenye mkusanyiko ule. Ni kama baiskeli ya mizigo ikipita kwenye udongo wa mvua: inaacha mfereji, na baiskeli ya pili inaufuata mfereji uleule. Elektroni mbili ambazo kwa kawaida zinachukiana, zinaunganishwa na mtetemo uliopo kati yao.

Fröhlich aliandika hayo majira ya kuchipua ya mwaka 1950, akiwa mgeni katika chuo kikuu cha Purdue, Marekani. Nadharia yake ilitoa utabiri wa wazi. Kama mitetemo inahusika, uzito wa atomu lazima uonekane: atomu nzito zinatetemeka polepole, kwa hiyo hali ile ya ajabu ianze kwenye joto la chini zaidi. Bila yeye kujua, Emanuel Maxwell mjini Washington, na kikundi kingine cha chuo cha Rutgers, walikuwa wameshapima jambo hilo. Zebaki ya kawaida ilianza kwenye kelvini 4.156, na zebaki nyepesi zaidi, ile ya namba 198, kwenye 4.177. Tofauti ni kama sehemu mbili za mia za digrii moja. Ndogo sana, lakini haiwezi kuelezwa kwa elektroni peke yake, maana zebaki zote mbili zina elektroni zilezile. Kinachotofautiana ni uzito wa kiini tu.

Haki itendeke: nadharia ya Fröhlich haikukamilika. Hesabu zake hazikuweza kuonyesha jinsi elektroni zote zinavyoingia kwenye mwendo mmoja. Hilo lilifanywa mwaka 1957 na Wamarekani watatu, John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer, baada ya Cooper kuonyesha mwaka 1956 kwamba mvuto mdogo tu unatosha kufunga elektroni mbili mbili. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1972, na sisi tunaona waliistahili. Ila mvuto wenyewe unaotoka kwenye mitetemo, mlango ulifunguliwa na Fröhlich. Vitabu vingi vya shule vinataja watatu wale na kuendelea mbele.

Kwa wale wa kutoka Kongo, mambo haya yako chini ya nyumba zenu. Shaba ya Katanga ndiyo nyaya. Na kolta ya Kivu ina metali mbili, tantali na niobi, ambazo zote zinapoteza ukinzani zikipozwa. Niobi inashinda metali zote safi kwa hilo, inaanza kwenye kelvini 9 hivi. Niobi nyingi duniani inatoka Brazil, tusidanganyane, na kolta inachimbwa zaidi kwa ajili ya tantali ya vifaa vidogo vya simu. Lakini ile mashine kubwa ya hospitali inayopiga picha za ubongo kwa sumaku, ndani yake kuna nyaya za niobi na titani zilizopozwa kwa heli ya kimiminika, na elektroni zinakwenda mbili mbili, zikiunganishwa na mtetemo.

Mwaka huohuo wa 1972, chama cha wanafizikia cha Ujerumani kilimpa Fröhlich nishani ya Max Planck, kubwa kuliko zote walizonazo kwa nadharia. Ilikuwa miaka 39 tangu afukuzwe Freiburg. Aliendelea kuishi Liverpool. Uzeeni alihamia kwenye swali jingine, kama chembe hai nazo zina mitetemo inayokwenda pamoja, swali ambalo wenzake wengi walilitilia shaka na ambalo bado linabishaniwa. Alifariki huko Liverpool mwaka 1991, akiwa na miaka 85.