Chemirocha: Mwimbaji wa Bluzi Aliyeoteshwa Kwato Kapkatet

Miongoni mwa nyimbo zilizorekodiwa nchini Kenya kabla ya uhuru, ni chache zilizosafiri mbali na kueleweka kombo kama Chemirocha, jina linalobebwa na nyimbo tatu fupi ambazo Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akiishi Afrika Kusini na kukusanya muziki wa sehemu nyingi za bara hili, alizinasa mwaka 1950 huko Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis ambayo leo imo ndani ya kaunti ya Kericho. Nyimbo hizo zinamhusu Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani wa bluzi na muziki wa mashambani, ambaye jina lake lilipopita katika ndimi za Kipsigis likawa Chemirocha. Mbili ziliimbwa na wanaume wapiga kinubi, Bekyibei arap Mosonick na Cheriyot arap Kuri. Ya tatu, iliyoimbwa na kundi la wasichana, ndiyo iliyopata umaarufu, na ndiyo inayomchora mwimbaji huyo akiwa nusu mtu, nusu swala. Kwa zaidi ya nusu karne wimbo huo umesimuliwa ng'ambo kama kielelezo cha imani ya watu waliopumbazwa na gramafoni, ilhali ukichunguzwa kwa makini unaonekana kuwa kitu tofauti kabisa, yaani wimbo wa kuchekesha uliotungwa na watu waliojua vyema kwamba wanachekesha.

Habari hiyo inawagusa pia wakazi wa Sugoi, eneo la wakulima wa mahindi na wafugaji wa ng'ombe lililo upande wa Turbo, kaskazini-magharibi mwa mji wa Eldoret, ambalo watu wa mbali hulifahamu zaidi kama nyumbani kwa Rais William Ruto. Wanandi walio wengi huko na Wakipsigis wa Kericho na Bomet ni ndugu wa karibu katika jamii ya Wakalenjin. Lugha zao zinaelewana, mpangilio wao wa koo unafanana, na kinubi cha Kapkatet, kinachoitwa chepkong', kina mwenzake Unandini kwa jina la kibugandet. Tangu Kass FM ilipoanza kurusha matangazo mwaka 2005, kumekuwa na redio ya kibiashara inayowahudumia wasikilizaji wa pande zote mbili kwa lugha yao, na muziki wa zamani wa Wakipsigis hauhesabiwi kuwa wa ugenini katika nyumba za Sugoi.

Jimmie Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897 na kukulia Meridian, katika jimbo la Mississippi, akawa mfanyakazi wa reli kama baba yake. Kazi yake ilikuwa ya breki, yaani kusimamisha mabehewa na kuyaunganisha, na ndiyo iliyompa jina la utani lililomfuata hadi kaburini. Kifua kikuu kilimwandama tangu mwaka 1924. Ugonjwa ulipomwondoa relini aligeukia gitaa, na mwezi Agosti 1927 akarekodi kwa mara ya kwanza mjini Bristol, Tennessee, mbele ya Ralph Peer, mwakilishi wa kampuni ya santuri ya Victor. Miezi michache baadaye alitoa wa kwanza katika mfululizo wa nyimbo 13 zilizochanganya bluzi na yodeli, nao ukauzwa kwa wingi usio wa kawaida kwa zama hizo.

Istilahi hizo mbili zinahitaji ufafanuzi. Bluzi ni muziki wa watu weusi wa kusini mwa Marekani, ambao ubeti wake wa kawaida una mistari mitatu, wa kwanza ukirudiwa kabla ya wa tatu kuleta jibu. Yodeli ni namna ya kuimba ambapo sauti hurushwa ghafla kutoka kifuani hadi juu puani na kichwani, kisha ikarudi, bila maneno. Wasikilizaji wengi huichukulia bluzi kuwa kilio, na ni kweli kwamba huzuni imo, lakini muziki huo ulikomazwa pia katika mahema na majukwaa ambamo mwimbaji na mchekeshaji alikuwa mtu mmoja. Nyimbo zake zimejaa mafumbo ya kimapenzi, majigambo yasiyoaminika na matusi yaliyovikwa adabu, mambo ambayo mtu aliyelelewa na utani wa Afrika Mashariki hahitaji kufundishwa. Hata yodeli yenyewe iliingia katika bluzi kupitia mlango wa vichekesho, kwani waimbaji weusi wa jukwaani kama Charles Anderson walikuwa wakiirekodi kabla Rodgers hajaingia studio, naye Rodgers alipata kutumbuiza katika maonyesho ya wauza dawa, yale ya kuzunguka miji midogo yakivuta watu kwa mzaha na muziki ili wanunue chupa za tiba. Huko alijipaka uso mweusi kama walivyofanya wachekeshaji wazungu wa wakati ule, desturi ambayo leo inatazamwa kwa haki kuwa ya kuwadhalilisha watu weusi, ingawa pasipo kuitaja historia ya sauti yake haikamiliki.

Filamu inayomwonyesha Rodgers akiimba ni moja tu inayojulikana, nayo ni fupi, ya takriban dakika 10, iliyotengenezwa mwaka 1929. Ndani yake amevaa sare na kofia ya mfanyakazi wa reli, amekaa na gitaa katika mkahawa wa stesheni mbele ya wanawake wawili, mmoja mzee na mmoja kijana, na anaimba nyimbo tatu kwa utulivu wa mtu aliyeketi barazani kwake. Anayemtazama huona jambo ambalo santuri haiwezi kulieleza, kwamba sauti inaporuka kwenda juu uso haubadiliki na mabega hayatikisiki, na utulivu huo ndio unaoleta kicheko. Mwaka mmoja baadaye alirekodi wimbo wa tisa katika mfululizo wake pamoja na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mashuhuri wa jazi, na tarehe 26 Mei 1933 akafariki dunia katika hoteli jijini New York, akiwa na umri wa miaka 35.

Kwa hiyo wasichana wa Kapkatet walipomwalika Chemirocha acheze, mwalikwa alikuwa na miaka 17 kaburini. Santuri zake zilikuwa zimewafikia Wakipsigis kupitia gramafoni, zile za kuzungushwa kwa mkono ambazo hazikuhitaji umeme, na maelezo yanayorudiwa zaidi ni kwamba zililetwa na wamisionari, ingawa katika nchi iliyojaa walowezi wa mashamba ya chai na baadaye askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia, hakuna sababu ya kudhani kwamba mlango ulikuwa mmoja. Biashara ya santuri nayo haikuwa ngeni Afrika Mashariki, kwani Siti binti Saad wa Zanzibar alirekodi Bombay mwaka 1928, wakati nyimbo za kwanza za Rodgers zilipokuwa bado mpya madukani Marekani.

Tracey alifika na gari lililobeba mitambo na jenereta, ambayo iliwekwa mbali na waimbaji ili mngurumo wake usiingie katika rekodi. Maikrofoni hakuiacha isimame mahali pamoja. Aliishika mkononi na kuisogeza, akiikaribisha kwa kiongozi anapoimba, kisha kwa waitikiaji, kisha kwa nyuzi, kiasi kwamba msikilizaji wa leo anasikia mkono wa mtu mwingine ukimchagulia cha kusikiliza. Wimbo wa wasichana ni mfupi mno, wa kama dakika moja na nusu. Chini yake kuna chepkong', kinubi chenye bakuli lililowambwa ngozi, mikono miwili na mti uliolazwa juu yake, chenye nyuzi pungufu kuliko nane za nyatiti ya Wajaluo, kikirudia mdundo uleule bila kuchoka. Juu yake sauti za wasichana zinaliita jina la mgeni mara kwa mara, nyembamba na za kukaza, kwa namna ambayo baadhi ya wasikilizaji wameisikia kuwa mwangwi wa yodeli.

Maelezo ambayo Tracey aliyaambatanisha na wimbo huo ndiyo yaliyozaa mkanganyiko. Aliandika kwamba Chemirocha amegeuzwa kuwa mfano wa Pan, mungu wa wachungaji katika ngano za Wagiriki wa kale, mwenye miguu ya mnyama. Mungu huyo alitoka katika elimu ya Tracey, wala hakutoka Kapkatet, lakini waandishi waliokuja baadaye walilichukua neno hilo kana kwamba limetamkwa na waimbaji wenyewe, na hivyo ikaenea hadithi ya kabila lililomwabudu mwimbaji wa santuri. Ajabu ni kwamba maelezo yaleyale ya Tracey yanasema wazi kuwa wasichana wanamhimiza Chemirocha aruke katika ngoma ya Kipsigis, aruke kwa nguvu mpaka nguo zake zimvuke. Ni vigumu kuamini kwamba watu humwomba mungu wao abaki uchi mbele ya wasichana. Ombi la namna hiyo ni la utani, tena utani wa kike wa kumjaribu mwanamume anayejisifu kwa sauti yake, na wahenga wa ngoma yoyote kati ya Sugoi na Bomet wangeutambua mara moja.

Kwato za swala nazo zinaelezeka bila kumhitaji Pan. Katika desturi za Wakalenjin kila ukoo, unaoitwa oret, una mnyama wake, tiondo, ambaye watu wa ukoo huo hujitambulisha naye, na mgeni akifika huulizwa kwanza ni wa ukoo gani. Mtu asiyeonekana, anayeimba ndani ya sanduku, hana ukoo wa kutaja, na ikiwa kundi la wasichana litaamua kumpa mnyama kwa mzaha, swala mwenye kuruka anafaa kuliko wengi, hasa kwa mwimbaji ambaye sauti yake hufanya hivyohivyo. Huo ni ufafanuzi wa kukisia, lakini unawapa waimbaji akili ambayo hadithi ya mungu iliwanyima.

Upungufu mkubwa zaidi ulikuwa wa picha. Vichekesho vya ngoma hukaa mwilini kuliko katika maneno, yaani katika shingo inayotikiswa, jicho linalotupwa kwa mwenzi, na mruko unaopitilizwa makusudi, na vyote hivyo havikuingia katika rekodi za Tracey. Rekodi hizo zilihifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo baada ya kifo chake mwaka 1977 ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji ambao leo unaitwa Makhanda, na huko Wakipsigis wakabaki sauti zisizo na nyuso kwa miongo mingi.

Mabadiliko yalikuja katika miaka ya 2010. Taasisi ya Ketebul Music ya Nairobi, iliyoanzishwa na mtayarishaji Tabu Osusa, ilikuwa tayari imejijengea sifa kwa kutoa filamu za kumbukumbu kuhusu muziki wa Kenya, ya kwanza ikiwa ya benga mwaka 2008, zikiunganisha nyimbo za zamani, picha na mahojiano na wanamuziki wakongwe. Kisha ikashirikiana na mradi wa Singing Wells kuzunguka Afrika Mashariki na studio ya kubebeka, ikirekodi ngoma za asili kwa sauti na kwa video mahali zinapochezwa. Mwaka 2014 taasisi hiyo na maktaba ya Afrika Kusini, iliyokuwa chini ya Diane Thram, zilianza kuzirudisha rekodi za Tracey kwa jamii zilizoziimba, na katika nchi ya Wakipsigis zikamkuta Cheriyot arap Kuri, mmoja wa wapiga kinubi wa mwaka 1950, akiwa bado hai na mkongwe wa zaidi ya miaka 80. Aliyekuwa jina kwenye lebo ya santuri akawa mzee mwenye uso, anayeweza kuulizwa.

Baina ya miaka hiyo muziki wenyewe haukusimama. Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et waliiingiza lugha ya Kipsigis katika muziki wa gitaa, na katika upigaji wao unaorudia vifungu vifupi vya nyuzi, sikio lililozoea chepkong' halipotei. Muziki wa mashambani wa Marekani nao umeshika mizizi nchini Kenya kiasi kwamba Elvis Otieno, anayejulikana kama Sir Elvis, amejenga jina kwa kuuimba. Hata hivyo hakuna wimbo mwingine uliomgeuza mwenye muziki huo kuwa kichekesho cha nyumbani kama walivyofanya wasichana wa Kapkatet.

Suala la umiliki ndilo linalobaki. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni inazitaka kaunti ziweke daftari za turathi za namna hiyo, na Chemirocha, ukiandikwa humo, utawapa makarani kazi ya kufikiri kidogo, kwa kuwa mtu anayetajwa ni Mmarekani, rekodi asilia ziko Afrika Kusini, na mzaha ni wa Wakipsigis.