Kwetu Mkwe Hapewi Mkono

Mjukuu wangu ni muuguzi, na anajifunza Kijerumani hapa mjini Kakamega, kwenye chumba cha ghorofani juu ya duka la dawa za mifugo. Tangu Kenya na Ujerumani zitie sahihi mkataba wa ajira Septemba 2024, wenzake hawana jingine mdomoni ila viwango vya B1 na B2. Jioni huniletea daftari. Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini, naye anaamini kwamba aliyefundisha lugha moja amezifundisha zote.

Juzi walifika sura ya maamkizi. *Sich verbeugen* ni kuinama. *Umarmen*, kukumbatia. *Siezen*, kumwita mtu *Sie* kwa heshima. *Duzen*, kumwita *du* kama rafiki au ndugu. Halafu akasoma *jemandem die Hand geben*, nikacheka peke yangu. Wajerumani nao "humpa" mtu mkono, kama sisi.

"Kukhu, unacheka nini?" akauliza; kwetu nyanya huitwa kukhu.

Nilikuwa namkumbuka Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyewafundisha Wajerumani Kiswahili.

Chuo cha lugha za mashariki kilifunguliwa Berlin mwaka 1887, na Kiswahili kikafundishwa humo, maana maofisa waliotumwa kutawala Tanzania Bara ya leo walihitaji lugha ya kuamrisha. Huwezi kuamrisha bila kusalimu kwanza, basi wakatafuta walimu kutoka pwani. Mtoro wa Bagamoyo alikuwa mmoja wao. Mwaka 1903 kikatoka kitabu cha *Desturi za Wasuaheli*, chenye habari za kuzaa, kuoa, ngoma na kuzika. Jina la jaladani ni la Carl Velten, lakini sehemu kubwa ya maandishi ilitoka mkononi mwa Mtoro.

Mwaka uliofuata akamwoa Mjerumani, Bertha Hilske, wakapanda meli kurudi Afrika. Serikali ya koloni ikakataa mke huyo mweupe wa mtu mweusi ashuke pwani. Wakageuza safari. Mtu aliyewafundisha Wajerumani namna ya kubisha hodi alifungiwa mlango wa kwao. Alifia Berlin mwaka 1927.

Huku kwetu Mjerumani alifika kabla ya kitabu hicho, na hakuja na daftari. Februari 1890 Carl Peters alitokea kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, kilomita thelathini hivi kutoka hapa mjini. Alijitia kumtafuta Mjerumani aliyeitwa Emin Pasha. Mwingereza Frederick Jackson, aliyekuwa amepiga kambi hapo, alikuwa ameondoka kwenda upande wa Mlima Elgon. Peters akafungua barua za mwenzake, akasoma habari za Uganda, akakimbilia kwa Kabaka Mwanga wa Buganda kufunga mkataba. Haukumfaa kitu: Julai mwaka huohuo Berlin na London ziligawana nchi mezani, na Uganda ikawa ya Mwingereza. Salamu yetu Waluhya ni *mulembe*, yaani amani, na anayeipokea huirudisha vilevile, *mulembe*. Sijui kama Peters aliijibu.

Nilimsimulia mjukuu haya yote. Alisikiliza kwa adabu, kisha akanionyesha kazi aliyopewa: aeleze kwa Kijerumani jinsi watu wa kwao wanavyosalimiana. Alikuwa ameanza, *In Afrika*.

"Futa," nikamwambia. "Afrika nzima uliisalimu lini?"

Akafuta. Mwalimu wao amewafundisha maneno *bei uns*, na hayo ndiyo yaliyonipendeza kuliko yote katika sura ile. Ni "kwetu". Mwenye kuyasema lazima awe na mahali pa kusimama. Mtoro alisimama Bagamoyo akaandika habari za watu wake, ila kwa lugha yake, na Mzungu ndiye aliyetia jina. Huyu wangu anaandika kwa lugha yao, na jina lake liko juu ya karatasi.

"Sasa kwetu kuna nini, Kukhu, ambacho hawana?"

Nikamwuliza kama amewahi kumwona baba yake akinishika mkono. Akafikiri. Hajawahi. Tangu amwoe binti yangu mwaka 1998, mkwe wangu hunisalimu kwa mbali, macho chini, nami humjibu bila kumsogelea. Si ugomvi; ndiyo heshima yenyewe. Hata korona ilipokuja mwaka 2020 na watu wakakatazwa kupeana mikono, sisi wawili hatukuwa na la kubadilisha.

Akaandika polepole, akihesabu kitenzi kikae mahali pa pili: *Bei uns gibt man der Schwiegermutter nicht die Hand.*

Jumapili baba yake alikuja na kilo mbili za sukari. Akasimama pale kwenye mwembe. "Mulembe, mama." "Mulembe." Mjukuu akatoka jikoni kupokea mfuko, na alipopita karibu yangu nilimsikia akinong'ona sentensi yake yote, bila kukosea.