Goti Lililosagika: Karne Tatu za Kutibu Gegedu Bila Kisu

Mwambie mtu yeyote mtaani kwamba goti linakuuma ukishuka ngazi, ushauri utaanza kumiminika kabla hujamaliza kueleza. Kula bamia, ute umekauka. Acha kukimbia, utasagika kabisa. Nenda kachome sindano, fulani alichoma akapona. Pumzisha mguu. Hapana, usikae sana, goti litakakamaa. Kila mmoja ana uhakika wake, na ushauri wenyewe unapingana.

Sasa, usiwacheke. Madaktari nao wamebishana hivyohivyo kwa karibu miaka 300. Tupumzishe au tutembeze? Tuongeze ute au tujenge misuli? Tufuatilie ubishi huo tangu ulipoanza, maana ukijua kila tiba ilitoka wapi, unakuwa na maswali mazuri ya kumuuliza daktari kabla hujatoa hela mfukoni.

Gegedu ni kitu gani?

Ukila kuku, ile sehemu nyeupe inayoteleza kwenye ncha ya mfupa wa paja ndiyo gegedu. Kwenye goti la binadamu tabaka hili lina unene wa milimita chache tu, na sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Ndani ya goti kuna pia vipande viwili vya gegedu la aina nyingine, vyenye umbo la mwezi mchanga, vinavyokaa kati ya mfupa wa paja na ule wa muundi. Vyote viwili vinaweza kuumia mchezoni, lakini si kitu kimoja, na tutaona baadaye kwa nini hilo ni muhimu.

Shida kubwa ya gegedu linalofunika mfupa ni kwamba halina mishipa ya damu. Ukijikata kidole, damu huleta seli na malighafi za ukarabati. Gegedu halina huduma hiyo. Seli zake ni chache, na chakula chake linakipata kutoka kwenye ute wa goti. Pia halina mishipa ya fahamu, kwa hiyo linaweza kuanza kuharibika bila wewe kujua. Maumivu unayoyasikia yanatoka kwenye majirani zake: mfupa ulio chini, ngozi laini inayozunguka kiungo, na tishu nyingine.

1743: hukumu ya London

Mwaka 1743 kijana wa Kiskoti, William Hunter, aliyekuwa katika miaka yake ya ishirini, aliwasilisha maelezo kuhusu muundo na magonjwa ya gegedu mbele ya Royal Society ya London. Alieleza kwa undani jinsi gegedu lilivyojengeka, kisha akakubaliana na wazee wa tiba waliomtangulia tangu enzi za Hippocrates: gegedu likishaharibika, halirudi.

Alikuwa sahihi kwa kiasi kikubwa. Hata leo, shimo kwenye gegedu la mtu mzima kwa kawaida halizibwi na gegedu jipya la ubora uleule. Lakini maneno hayo yaligeuka kuwa kama hukumu ya mahakama. Kama kitu hakiponi, basi kilichobaki ni kukilinda kisitumike. Na njia ya kukilinda ilionekana wazi: lala, tulia, usiguse.

Mapumziko dhidi ya mwendo

Bingwa wa mapumziko katika karne ya 19 alikuwa Hugh Owen Thomas, daktari wa Liverpool aliyetoka katika ukoo wa waunga mifupa wa Wales. Katika kitabu chake cha 1875 kuhusu magonjwa ya nyonga, goti na kifundo cha mguu, alisisitiza kwamba kiungo kinachoumwa kinahitaji kutulizwa kabisa, bila kukatiza, kwa muda mrefu. Alibuni banzi la chuma ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake.

Tusimhukumu haraka. Magoti mengi aliyoyaona yalikuwa na kifua kikuu cha viungo, na wakati huo hapakuwa na dawa ya kuua vijidudu hivyo. Kwa wagonjwa wale mapumziko yalikuwa na mantiki. Tatizo lilikuja pale kanuni iliyotungwa kwa ajili ya goti lenye kifua kikuu ilipohamishiwa kwenye goti la mtu aliyeteleza tu uwanjani.

Wakati huohuo, upande wa pili wa bahari, daktari wa upasuaji wa Paris, Just Lucas-Championnière, alikuwa akifundisha kinyume chake. Yeye aliwakanda wagonjwa wake, hata waliovunjika mifupa, na kuwaanzishia mwendo mapema. Wenzake wengi hawakumwelewa.

Vyuma vya Chicago na sungura wa Toronto

Vita Kuu ya Pili ilileta jambo jipya. Hospitali za jeshi la Marekani zilijaa askari walioumia magoti, na mapaja yao yalikuwa yamesinyaa kwa kulala sana. Desturi ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi, wayarudie mara nyingi. Kwenye hospitali ya jeshi ya Gardiner mjini Chicago, daktari kijana Thomas DeLorme, ambaye mwenyewe alikuwa mpenzi wa kunyanyua vyuma, akajaribu kinyume: uzito mkubwa, marudio machache, na kuongeza kadiri mgonjwa anavyopata nguvu. Alichapisha matokeo mwaka 1945. Misuli ya mbele ya paja ilirudi kwa kasi ambayo mazoezi mepesi hayakuifikia. Ukienda gym leo ukaona mtu anaongeza sahani moja kila wiki, anatembea kwenye nyayo za DeLorme.

Ila swali la gegedu lenyewe lilikuwa bado. Misuli sawa, je, gegedu linasemaje? Hapo ndipo anaingia Robert Salter wa hospitali ya watoto mjini Toronto. Katika majaribio kwa sungura, yeye na wenzake walitoboa vishimo vidogo kwenye gegedu la goti hadi kwenye mfupa. Baadhi ya sungura walifungwa mguu usisogee, wengine wakaachwa watembee kama kawaida, na kundi la tatu likawekwa kwenye mashine iliyokunja na kunyoosha goti polepole bila kukoma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1980 yalionyesha kwamba vishimo vya kundi la mashine viliziba vizuri kuliko vya makundi mengine yote.

Binadamu si sungura, na mashine ile haikugeuka kuwa muujiza hospitalini. Kwa watu waliobadilishiwa goti, tafiti za baadaye ziliona faida yake ni ndogo. Lakini hoja ya Salter ilibaki: kutulia kabisa si ulinzi.

Sababu yake inaeleweka ukifikiria sifongo. Ukikanyaga, gegedu linabanwa na maji yanatoka kidogo. Ukiinua mguu, linafyonza tena. Mzunguko huo wa kubana na kuachia husaidia kupitisha chakula na taka. Ndiyo maana picha za MRI za watu waliopooza miguu baada ya kuumia uti wa mgongo zimeonyesha gegedu likipungua unene, ingawa hakuna aliyewapiga goti. Gegedu lisilotumika hudhoofika.

Enzi ya sindano

Huku wengine wakibishana kuhusu mwendo, wengine walitafuta dawa. Mwaka 1948 Philip Hench wa Mayo Clinic na wenzake walimpa kortizoni mgonjwa wa baridi yabisi kwa mara ya kwanza, na mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapata Tuzo ya Nobel. Mwaka 1951 Joseph Hollander wa Philadelphia akaripoti kuchoma dawa ya jamii hiyo moja kwa moja ndani ya kiungo. Uvimbe ulishuka, maumivu yakapoa. Nani angekataa?

Lakini kupoza maumivu na kulinda gegedu ni mambo mawili tofauti. Mwaka 2017 utafiti wa Marekani uliwafuatilia watu 140 wenye magoti yaliyosagika kwa miaka miwili. Nusu walichomwa dawa ya aina hiyo kila wiki 12, wengine wakachomwa maji ya chumvi. Mwishoni maumivu hayakutofautiana, ila waliopata dawa walikuwa wamepoteza gegedu zaidi.

Sindano ya pili ndiyo ile ya "kuongeza ute". Mwaka 1934 Karl Meyer na John Palmer, New York, walitenga asidi ya hayaluroniki kutoka kwenye jicho la ng'ombe. Ni moja ya vitu vinavyofanya ute wa goti uwe mzito na wa kuteleza. Endre Balazs alifanya kazi kubwa ya kuigeuza dawa, akiitoa kwenye kile kilemba chekundu cha jogoo, na ilitumika kwa farasi wa mashindano kabla ya kuruhusiwa kwa magoti ya watu Marekani mwaka 1997. Kimantiki inavutia kabisa: ute umepungua, tuongeze. Mwaka 2022 jarida la BMJ lilichapisha mapitio ya majaribio 169 yenye washiriki zaidi ya 21,000. Nafuu ilikuwepo, ila ndogo kiasi kwamba mgonjwa hangeona tofauti ya maana na sindano bandia.

Baadaye ikaja sindano ya damu ya mgonjwa mwenyewe, iliyochujwa ibaki na chembe sahani nyingi. Mwaka 2021 watafiti wa Australia waliipima kwa watu 288. Baada ya mwaka mmoja, nayo haikuishinda sindano ya maji ya chumvi.

Na bamia? Ute wa bamia ukifika tumboni unameng'enywa kama chakula kingine chochote. Hakuna bomba la kuupeleka gotini. Ila ni mboga nzuri, kula tu.

Mazoezi yanarudi, safari hii na ushahidi

Mwaka 2005 watafiti wa Sweden, Ewa Roos na Leif Dahlberg, walichukua watu 45 waliowahi kukatwa sehemu ya kile kipande cha mwezi mchanga. Baadhi walifanya mazoezi kwa miezi minne. Picha maalumu za MRI zikaonyesha kwamba gegedu lao liliboreka katika zile kemikali zinazolisaidia kushika maji. Gegedu halikuota upya, lakini lilijibu mazoezi. Hunter hangetarajia hilo.

Mwaka 2013 timu ya Oslo iliwapitisha watu 48 wenye mashimo ya kina kwenye gegedu katika miezi mitatu ya mazoezi ya nguvu na mizani. Nguvu za misuli na utendaji wa goti viliongezeka. Utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo tuuchukue kama dalili njema, si hukumu ya mwisho. Mwaka 2016, tena Norway, watu wazima 140 waliochanika kipande cha mwezi mchanga kwa uchakavu waligawanywa: wengine upasuaji, wengine wiki 12 za mazoezi. Baada ya miaka miwili utendaji wa magoti yao haukutofautiana.

Kuna jambo moja la kuzingatia. Majaribio mengi ya sindano niliyoyataja yalihusu magoti yaliyosagika kwa miaka, ya watu wa makamo na wazee. Wewe mwenye miaka 28 uliyeumia juzi kwenye ndondo hukuwemo humo. Kwa hiyo usichukue matokeo ya goti la mzee ukayabandika kwenye goti lako bila kuuliza, na anayekuuzia sindano asifanye hivyo pia.

Basi ufanye nini?

Goti likikwama likakataa kunyooka, likivimba ghafla baada ya kuumia, au likikuachia unapokanyaga, hizo si dalili za kumaliza nyumbani. Nenda ukapimwe. Lakini kama umeshapimwa na daktari akasema hakuna haja ya upasuaji kwa sasa, historia hii inakupa mwelekeo. Punguza kinachochokoza, usiache kila kitu. Jenga misuli ya paja na makalio chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, ukiongeza uzito kidogokidogo. Ujipe miezi, si wiki mbili. Kama una kilo za ziada, utafiti wa 2005 ulikadiria kwamba kila kilo moja unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kila hatua. Hesabu hatua zako za siku moja uone.

Na ukipendekezewa sindano, uliza maswali matatu: inapoza maumivu au inalinda gegedu? Ilipimwa kwa watu kama mimi? Hela hii ningeilipia fiziotherapia, ingenipa miezi mingapi? Daktari mzuri hatakasirika kuulizwa.